Nina paundi 120: ninunue wetisuti gani kwa maji baridi ya Bahari ya Kaskazini?

#1 Mwana_wa_Pangani

Wakuu, salaam. Nimezaliwa Pangani, nimeoga baharini tangu kabla sijaanza shule, na sikuwahi kufikiri kwamba siku moja ningehitaji nguo maalumu ya kuingilia majini. Tangu mwaka jana ninaishi Newcastle, kaskazini-mashariki mwa Uingereza, na mwenzangu mmoja wa kazini amenifundisha kuteleza mawimbini kwa ubao katika ufuko wa Longsands, pale Tynemouth. Majira ya joto nilitumia wetisuti, yaani nguo ya mpira ya kuingilia maji baridi, ya 3/2 yenye zipu ya mgongoni, niliyoinunua kwa paundi 45, na nilikaa majini saa nzima bila taabu. Jumamosi iliyopita, Oktoba hii, nilitoka baada ya dakika ishirini, vidole vikiwa vimekufa ganzi kiasi cha kushindwa kufungua kufuli ya baiskeli yangu. Ilibidi nimwombe mama mmoja aliyekuwa akitembeza mbwa anifungulie.

Nina paundi 120 na si zaidi, maana mwenye nyumba hajui habari za mawimbi. Naona njia tatu mbele yangu: suti mpya ya bei nafuu yenye unene wa 5/4, suti ya mtumba kutoka kampuni kubwa, ambayo ikiwa mpya huuzwa zaidi ya paundi 300, au nibaki na hii 3/2 na kuvaa fulana ya joto ndani yake. Mwenzangu anasema unene ndio kila kitu. Mimi ninashuku kwamba tatizo ni jinsi suti inavyonikaa, kwa sababu kila wimbi likinipiga nahisi maji yakiteremka mgongoni kama niliyemwagiwa ndoo. Nani kati yetu ana haki?

#2 Mchokozi_Chumbageni

Yaani mtu wa Pangani unatoa paundi 120 ili upate kutetemeka? Huku nyumbani kutetemeka ni bure, unahitaji mbu mmoja tu. Endeleeni, nimeshavuta kiti.

#3 Baharia_Newquay

Karibu kwenye baridi, mkuu. Nina miaka kumi na moja Cornwall, kusini-magharibi mwa nchi hiyohiyo, na jibu langu ni fupi: mwenzako ana haki. Kwa wasiojua, namba ya kwanza ni milimita za mpira kifuani na mgongoni, na ya pili ni mikononi na miguuni. Ukiona namba tatu, kama 5/4/3, kwa kawaida ya pili ni miguu na ya tatu ni mikono, ambayo huachwa myembamba ili mabega yaweze kupiga maji. Hiyo 3/2 yako ni suti ya majira ya joto. Hapa kwetu, ambako bahari ni ya upole kuliko yenu, maji hushuka hadi nyuzi joto 9 hivi kati ya Februari na Machi, nasi huvaa 5/4. Kwenu Tynemouth yatafika 6 au 7. Usidanganywe na fulana ya ndani.

Siri ya wetisuti ni kwamba huruhusu maji kidogo yaingie, mwili ukayapasha joto, kisha yakawa kama blanketi kati ya ngozi na mpira. Mpira ukiwa mnene, blanketi hilo halipoi.

#4 Mzamiaji_Nungwi

Kwa heshima, Baharia, hapo mwisho umerudia maneno ambayo hata sisi tuliofundisha uzamiaji tuliyasema kwa miaka mingi, nayo si sahihi. Maji hayo hayakulindi na baridi, unayavumilia tu. Maji huchukua joto la mwili upesi zaidi ya mara ishirini kuliko hewa, basi yatakuwaje blanketi? Kinachokulinda ni viputo vidogo vya gesi vilivyofungiwa ndani ya mpira wa neoprini. Hugh Bradner, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, aliliona jambo hili mwanzoni mwa miaka ya 1950: haikuwa lazima mtu awe mkavu ili asipoteze joto, mradi nguo iwe na gesi ndani yake. Tabaka la maji ni jembamba, na sharti lake moja ni kwamba lisitembee. Likianza kuingia na kutoka, unene wa milimita sita hautakusaidia.

Kwa hiyo mleta uzi naye ana haki yake. Nyongeza ndogo: asije mtu akakushauri ununue suti ya kuzamia kwa kuwa ni rahisi. Mpira wake hutengenezwa mgumu zaidi ili usibonyezwe na uzito wa maji kilindini, na mabega yake hayakukusudiwa kupiga maji saa nzima. Utakuwa na joto, lakini mikono itakataa kazi.

#5 Fundi_wa_Makadara

Mimi ni mshonaji, niko Mombasa, na sijawahi kupanda ubao maishani. Nimeingia kwa sababu ya ile ndoo ya maji mgongoni. Kituo kimoja cha uzamiaji huniletea suti zilizopasuka, nami nimezifumua za kutosha kujua kwamba mnabishana kuhusu kitambaa na kumsahau mshono.

Suti za bei ya chini kabisa hushonwa kwa mshono bapa: vipande viwili hulazwa ukingo juu ya ukingo, na sindano hupita moja kwa moja kutoka nje hadi ndani. Ni mshono imara na haukwaruzi ngozi, lakini kila tundu la sindano ni mlango, na suti moja ina maelfu ya milango. Suti za daraja la pili hugundishwa kwanza, ukingo kwa ukingo, kisha hushonwa kwa sindano iliyopinda ambayo huingia nusu ya unene wa mpira na kurudi upande uleule ilikotoka. Hapo hakuna tundu linalotokeza ng'ambo. Za daraja la juu huongezewa utepe kwa ndani, au mpira laini kama uji hupakwa juu ya mshono.

Mleta uzi, igeuze suti yako ndani nje utazame. Ukiona uzi mnene wenye nyuzi nyingi sambamba pande zote mbili, kama mshono wa nguo za michezo, basi umevaa chujio la nazi.

#6 Mwana_wa_Pangani

Fundi, nimeigeuza. Ni chujio.

#7 Binti_Kisauni

Salaam kwenu. Niko Cape Town kwa masomo, na ninateleza Muizenberg, upande wa False Bay, ambako maji si makali sana. Upande wa pili wa rasi, ule wa Atlantiki, ni habari nyingine, na wenyeji huwacheka wageni wanaodhani kwamba majira ya joto ndiyo ya kuogelea. Upepo wa kusini-mashariki huvuma sana wakati huo, husukuma maji ya juu mbali na pwani, na maji ya vilindini huibuka kujaza nafasi. Desemba jua linachoma na bahari ina nyuzi 11.

Mimi nimo upande wa wanaosema suti ikukae. Suti yangu ya kwanza niliazimwa na kaka wa jirani yangu: ilikuwa 4/3, nzuri, ya kampuni inayojulikana, lakini ilinibana kifuani na kupwaya kiunoni, na hapo mgongoni palikuwa na dimbwi la samaki. Nikanunua ya kike ya 3/2, ya bei nafuu, nikawa na joto zaidi kuliko nilivyokuwa ndani ya ile nene. Ukiijaribu dukani, inua mikono yote juu, kisha chuchumaa: pasiwe na hewa kwapani, kwenye kiuno cha nyuma wala mapajani kwa juu, na shingo iguse ngozi bila kukukaba. Ikiwa kavu inapaswa ikuudhi kidogo, kwa sababu ikilowa hulegea. Tena angalia herufi: M yenye T mbele yake ni ya mtu wa wastani mwenye mwili mrefu, na warefu wengi huteseka ndani ya L wakati suti yao ni hiyo.

Kabla Mchokozi hajauliza: ndiyo, ninajistiri, na juu ya wetisuti huvaa fulana pana na kaptula. Hukokota maji kidogo nipigapo mikono, nimezoea. Kofia ya mpira inafunika nywele, masikio na shingo, hivyo huku baridi na staha vinatumia vazi moja.

#8 Mchokozi_Chumbageni

Sikuwa na nia ya kuuliza, dada. Nilikuwa nataka kujua tu kama dimbwi lile lilikuwa na samaki wa kutosha kitoweo.

#9 Mkazi_wa_Thurso

Mnamshauri mtu wa Bahari ya Kaskazini, niruhusuni mimi wa kaskazini zaidi niseme. Thurso iko ukingoni mwa Uskoti, mawimbi yake yanajulikana dunia nzima, na wakati wa baridi tunaingia katika nyuzi 6 au 7.

Kwanza, kalenda ya bahari si kalenda ya nchi kavu. Maji huchelewa kupata joto na huchelewa kupoa. Kwenu Tynemouth, Oktoba bado kuna nyuzi 12 hivi, ilhali Mei, jua likiwaka na watu wakila aiskrimu ufukoni, maji huwa karibu 9. Kwa hiyo mleta uzi ameshindwa na Oktoba, ambao ni mwezi wa hisani. Ajiandae kwa Machi.

Pili, wote mmeusahau upepo. Mtu anayeteleza hutumia muda mwingi akiwa amekaa juu ya ubao, nusu ya mwili nje ya maji, akisubiri wimbi. Suti iliyofunikwa kitambaa kwa nje hushika maji, upepo huyakausha, na kukausha huko hula joto lako kama mtungi wa udongo unavyopoza maji ya kunywa. Ndiyo maana suti nyingi za baridi huwa na mpira mtupu, laini, kifuani na mgongoni: maji huteleza na kwenda zake. Ubaya wake ni kwamba kucha moja huupasua.

Tatu, gawanya fedha zako. Suti ya paundi 120 bila viatu vya mpira wala kofia ni nyumba ya ghorofa isiyo na paa, kwa sababu nusu ya joto hutokea kichwani.

#10 Nesi_wa_Zamu_ya_Usiku

Hilo la kichwa si kweli, Mkazi. Kichwa hupoteza joto kulingana na ukubwa wake, yaani karibu sehemu moja ya kumi ya mwili, si nusu. Kofia ina faida nyingine: huzuia maji kuingia kwa shingoni, huzuia yale maumivu ya paji la uso unapopita chini ya wimbi, na hulinda masikio, maana wanaoteleza kwenye baridi kwa miaka mingi huota mfupa ndani ya tundu la sikio.

Mleta uzi, hadithi yako mimi naisoma vingine. Hukusema kwamba kifua kilikuwa baridi, ulisema vidole. Mwili unapohisi baridi huzibana njia za damu za mikono na miguu ili kuulinda moyo na viungo vya ndani, na misuli ya mkono ikipoa hupoteza nguvu hata kabla joto la ndani halijashuka sana. Huenda kosa lako lilikuwa glavu tu. Je, ulikula kabla ya kuingia? Je, ulikuwa umetoka kazini umechoka?

Halafu neno moja ambalo halina ubishi. Dakika ya kwanza hadi ya tatu ndizo za hatari: ngozi ikikutana na baridi ghafla, pumzi hukata na moyo huenda mbio. Waokoaji wa RNLI huko Uingereza hufundisha kuelea chali mpaka pumzi itulie kabla ya kufanya jambo lolote. Ukitoka, joto la ndani huendelea kushuka kwa muda, kwa hiyo jikaushe, vaa nguo kavu, kunywa kitu cha moto, na usipande baiskeli hiyo ukiwa bado unatetemeka.

#11 Mpiga_Hesabu

Niko Swansea. Mmefundisha fizikia, ushonaji na tiba, lakini mtu ameuliza kuhusu paundi 120. Kukodi suti kwa siku moja kulinigharimu paundi 12 pale Llangennith mwaka jana; ukikodi mara kumi, bajeti yako yote imekwisha na huna kitu. Suti yangu ya paundi 110 nimeivaa zaidi ya mara themanini.

Paundi 120 ni bei ya mpakani. Chini ya hapo nimekuta 5/4 nyingi mpya zikiwa na mshono ule wa Fundi wenye milango, na wauzaji hawaandiki wazi. Tafuta maneno yanayosema kwamba mishono imegundishwa. Nenda duka la Decathlon ukaijaribu mwilini hata kama hutanunua hapo, ujue kipimo chako. Kisha subiri mwisho wa majira ya baridi, Machi na Aprili, maduka yanapoondoa suti nene, au chukua toleo la mwaka uliopita: mara nyingi kilichobadilika ni rangi. Shule za kuteleza nazo huuza suti zao za kukodisha mwisho wa msimu, ila kumbuka kwamba zimevaliwa na watu mia na kila mmoja alikuwa na kibofu.

#12 Mchokozi_Chumbageni

Hapo sasa uzi umepata joto.

#13 Fundi_wa_Makadara

Kuhusu mtumba, nikubaliane na Mpiga Hesabu nusu. Mpira huzeeka hata ukiwa kabatini: viputo hupasuka, hukauka na kuwa mgumu. Suti ya paundi 350 iliyotengenezwa miaka kumi iliyopita ni jina tu lililobaki. Ivute magotini na kwapani uangalie nyufa. Ibonyeze kwa kidole gumba uone kama inarudi. Ishike mbele ya taa utafute matundu. Igeuze ndani uone kama utepe umebanduka. Tundu dogo lisikutishe. Gundi ya kuzibia ni ya jamaa moja na ile ya mafundi viatu, ya kupaka pande zote mbili, kusubiri ikauke kidogo, kisha kugandamiza. Mpira mgumu, huo hauna dawa.

#14 Baharia_Newquay

Mzamiaji, nimekubali kuhusu viputo, ingawa nina swali: kama maji hayana kazi, kwa nini dakika tano za mwanzo huwa baridi kuliko zinazofuata? Na sikubali kuhusu Bradner. Wetisuti ilibuniwa na Jack O'Neill kule San Francisco, hilo kila anayeteleza analijua.

#15 Mzamiaji_Nungwi

O'Neill alifungua duka lake San Francisco mwaka 1952 na aliieneza kuliko mtu yeyote, na ndugu wawili wa familia ya Meistrell, huko kusini mwa California, nao wana madai yao. Wanahistoria wengi humpa Bradner sifa hiyo. Hakupata utajiri wowote. Biashara haikuwa fani yake.

Dakika tano za mwanzo ni kwa sababu maji yaliyoingia huchukua joto lako mara moja, kama ushuru. Ukilipa mara moja umemaliza. Suti inayopwaya hukulipisha kila wimbi.

#16 Nesi_wa_Zamu_ya_Usiku

Au ngozi imezoea tu, na njia za damu zimeshajibana. Msiuondoe mwili kwenye hesabu.

#17 Mtu_wa_Muheza

Samahani kwa kuingiza jambo la pembeni kidogo. Neoprini hutokana na kemikali, na wako wanaoikwepa kwa sababu ya moshi wa viwanda vyake. Kampuni ya Patagonia tangu 2016 huuza suti za mpira wa asili unaoitwa Yulex, utomvu wa mti uleule uliopandwa Kihuhwi, hapa kwetu Muheza. Mleta uzi, umetoka Pangani ukapita mbele ya shamba la wetisuti ukaenda kuitafuta Newcastle.

#18 Mpiga_Hesabu

Jambo zuri, ila bei ya hizo ni zaidi ya mara mbili ya bajeti yake. Labda zikiwa za mtumba.

#19 Mwana_wa_Pangani

Wakuu, asanteni, nimerudi baada ya wiki tatu. Nilinunua mtumba wa 5/4, zipu ya kifuani, mishono imegundishwa na ina utepe magotini, kwa paundi 80. Muuzaji alisema ina majira mawili ya baridi, na nilipoibonyeza ilirudi. Paundi 22 zikaenda kwa viatu, 14 kwa glavu. Kofia bado. Kuivaa ni shughuli ya dakika kumi. Mwenzangu alinifundisha kuvaa mfuko wa plastiki mguuni ili mguu uteleze, na bado nilianguka kwenye maegesho ya magari mbele ya watoto.

Maji yalikuwa nyuzi 10. Nilikaa dakika 70, nikafungua kufuli mwenyewe. Mabega, hata hivyo, yaliuma siku mbili.

#20 Baharia_Newquay

Milimita mbili zaidi. Nilisema.

#21 Fundi_wa_Makadara

Milimita zilikuwapo, mishono ndiyo iliyozifanya zifanye kazi.

#22 Nesi_wa_Zamu_ya_Usiku

Kaka, siku hiyo ulikula nini kabla ya kuingia?

#23 Mwana_wa_Pangani

Uji wa shayiri, bakuli mbili. Ile siku ya Oktoba nilikuwa nimekunywa chai tu.

#24 Nesi_wa_Zamu_ya_Usiku

Basi.

#25 Mkazi_wa_Thurso

Na upepo ulikuwaje?

#26 Mwana_wa_Pangani

Haukuwapo kabisa, mkuu. Bahari ilikuwa kama kioo. Lakini pia naona Binti Kisauni alikuwa na haki, kwa maana hii ya sasa inanikaa: maji yaliingia shingoni mara moja tu, nilipoanguka kichwa mbele. Kusema kweli nimebadilisha mambo matano kwa siku moja, sasa siwezi kujua ni lipi lililonipa joto.

#27 Binti_Kisauni

Jumamosi ijayo vua glavu uone. Halafu suuza suti kwa maji yasiyo na chumvi na uianike kivulini ukiwa umeikunja kiunoni, usiining'inize kwa mabega, utayavuta.

#28 Mzamiaji_Nungwi

Ile 3/2 ya zamani umeifanyia nini? Julai na Agosti hapa maji hushuka hadi nyuzi 25, na vijana wangu wanaozama mara tatu kwa siku hutoka wakigonga meno, watu waiite baridi au wasiiite. Mmoja ana kimo chako. Kama unashuka nyumbani mwezi wa kumi na mbili, iweke begini, nami nitalipia.

#29 Mwana_wa_Pangani

Naja tarehe 18. Ila ni chujio, mkuu, umesikia.

#30 Mzamiaji_Nungwi

Kwa nyuzi 25 chujio linatosha. Fundi ataigundisha.

#31 Fundi_wa_Makadara

Fundi hajaulizwa bei.